Woga wa Mwigizaji: Maoni kutoka Bonde la Subukia

I. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo uhakiki wetu wa tamthilia umelipuuza kwa muda mrefu, nalo ni woga wa mwigizaji. Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuichukua tamthilia kama kitabu. Twaeleza dhamira, twawagawa wahusika katika mafungu, twahesabu tamathali za usemi, kisha twasema kwamba tamthilia imehakikiwa. Yule mtu ambaye maneno hayo yatapita kinywani mwake mbele ya mamia ya watu hatajwi. Na ikiwa yeye hatajwi, magoti yake yanayotetemeka hayawezi kutajwa.

Pengo hili lina hasara. Kwanza, latufanya tuone tamthilia nusu. Pili, lawaachia wengine kazi ya kumshauri mwigizaji, na ushauri wao mara nyingi ni mmoja tu: jipe moyo, jiamini, usiogope. Ushauri huo wadhania kwamba woga ni kasoro ya moyo wa mtu mmoja, na kwamba mwenye kasoro ndiye apaswaye kujitibu.

Dai langu ni tofauti. Nasema kwamba woga wa mwigizaji una vyanzo vyake nje ya moyo wake: katika lugha anayopewa kuisema, katika macho ya jamii inayomtazama, na katika mkono wa mwenye mamlaka. Na kwa kuwa watoka kwa watu, dawa yake pia yatoka kwa watu. Zaidi ya hayo, nasema kwamba woga huo hauondoki kabisa, wala si lazima uondoke. Linalowezekana ni kuupa kazi. Nitalieleza dai hili kwa mifano michache, nikianza na mazoezi niliyoyashuhudia mimi mwenyewe.

II. Kinjeketile darasani

Subukia iko kaskazini ya mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Nyahururu, karibu na mstari wa ikweta. Zamani za ukoloni bonde hili lilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru watu wa makabila mbalimbali walipata makao humo, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania sokoni na njiani. Katika shule moja ya bonde hilo niliketi jioni kadhaa kutazama wanafunzi wakifanya mazoezi ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Hawakuwa na jumba la maonyesho. Walisukuma madawati ukutani baada ya masomo, na nafasi iliyobaki ndiyo iliyokuwa jukwaa lao.

Kijana aliyepewa nafasi ya Kinjeketile alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Akiwa ameketi, aliyajua maneno yote bila kukosea. Akisimama, sauti ilimpotea. Alitazama sakafu, akasema haraka kama mtu anayetaka kumaliza adhabu, kisha akasahau. Mwalimu wake, ambaye alimpenda, alimwambia asiogope kwa kuwa hapana wa kumla. Wenzake wakacheka, naye akazidi kuzama. Siku ya tatu aliomba kuacha. Alisema kwa upole, "Mwalimu, hii kazi ina watu wake. Mimi si mmoja wao."

Jioni hiyo mzee mmoja, mlinzi wa shule, alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Kijana, unasema nasi ama unasema na ukuta?" Mwalimu hakumfukuza mzee yule. Alimkaribisha ndani, akawaita na wapishi waliokuwa wamemaliza kazi, akawaketisha duara pamoja na wanafunzi wengine. Kisha akamwambia kijana awaeleze hao habari za maji. Kijana akaanza. Alipomeza maneno, mzee alimwambia, "Rudia, sikusikia." Akarudia. Alipokosea, mpishi mmoja aliuliza swali kana kwamba yeye ni mtu wa Rufiji mwenye njaa, na kijana ikambidi amjibu. Kwa mara ya kwanza hakuwa anakariri. Alikuwa anajibu mtu.

Yafaa tuseme kwa uangalifu kilichotokea baadaye, kwa sababu hapakuwa na muujiza. Mikono yake iliendelea kutetemeka jioni zote nilizokuwapo. Lakini mwalimu aliona jambo ambalo mimi, mhakiki, sikuliona. Alitambua kwamba mtetemeko ule ulikuwa na mahali pake ndani ya tamthilia.

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Kinjeketile aingia majini, atoka na ujumbe wa Hongo, na watu waliokuwa wametengana waungana dhidi ya Wajerumani. Lakini katika ujumbe huo mna neno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapokuja kulitafakari neno hilo, Kinjeketile ashtuka. Je, atakuwa amewatoa watu katika mikono ya mtawala mmoja na kuwatia mikononi mwa mwingine? Tangu hapo hana hakika tena kama sauti iliyosema ilikuwa yake au ya nani. Umati, hata hivyo, hauna shaka. Wao wamelipokea neno, na neno limekuwa kubwa kuliko aliyelitamka. Mwishoni atakiwa ayakane maji, naye akataa, kwa kuwa aona kwamba kukana huko kutawafundisha watoto wa baadaye kuwa kupigania haki kulikuwa kosa.

Wahakiki wengi wameisoma tamthilia hii kama habari ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, au kama mjadala juu ya umoja na uongozi. Masomo hayo ni sahihi. Lakini mtu akiitazama kutoka mahali aliposimama kijana wa Subukia, aona jambo jingine. Kinjeketile ni mtu aliyesimama mbele ya watu wanaomwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Hiyo ndiyo hali ya kila mwigizaji. Mwalimu alimwambia kijana asiifiche mikono katika onyesho la shaka, bali aiache watu waione. Woga wake haukutoka. Ulipewa kazi.

III. Woga hauishi kwa umaarufu

Huenda msomaji akasema kwamba kijana huyo ni mwanafunzi tu, na kwamba uzoefu ungemponya. Historia ya maigizo haikubaliani na maoni hayo. Laurence Olivier wa Uingereza alikuwa na umri wa miaka 57, na alikuwa mkurugenzi wa Tamthilia ya Taifa ya nchi yake, alipopatwa na kiwewe cha jukwaani mwaka 1964. Kilimsumbua kwa takriban miaka mitano. Katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1982 aeleza kwamba, alipokuwa akiigiza Othello, alimsihi mwigizaji wa Iago asiondoke. Alitaka asimame pembeni mwa jukwaa mahali ambapo angeweza kumwona, ili asibaki peke yake wakati wa kusema maneno ya upweke. Tulitafakari jambo hili. Ndani ya mchezo Iago ndiye amwangamizaye Othello. Nje ya mchezo uso wa mtu huyo huyo ndio uliomwezesha Othello kusema. Hakutafuta ushujaa ndani ya nafsi yake. Alitafuta mwenzake.

Mfano wa pili watoka karibu zaidi nasi. Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, aliigiza Juliet jijini Nairobi pamoja na kundi la Phoenix Players akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar. Baadaye amesema hadharani kwamba tuzo hiyo haikumwondolea shaka, kwani kila kazi mpya humrudishia hisia ya kuwa yeye ni mlaghai ambaye karibu atagunduliwa. Maneno hayo yatoka kwa mtu aliyepewa kila uthibitisho ambao fani hiyo yaweza kutoa. Kwa hiyo hatuwezi kuendelea kusema kwamba shaka ya nafsi ni dalili ya kukosa kipawa. Tena hatuwezi kumwahidi kijana kwamba siku moja itakwisha. Hiyo itakuwa ahadi ya uongo, na atakapogundua uongo wake ataacha kazi akidhani kwamba kasoro ni yake peke yake.

IV. Vyanzo vya woga

Sasa tuvitazame vyanzo nilivyovitaja. Cha kwanza ni lugha. Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule nchini Kenya lilianza mwaka 1959, na katika miaka yake ya mwanzo lilikuwa chini ya walimu Wazungu na tamthilia za Kiingereza. Mwanafunzi alipimwa kwa matamshi kabla ya kupimwa kwa uigizaji. Aliyesimama jukwaani alikuwa na kazi mbili: kuwa mtu mwingine, na kusema kwa ulimi wa mtu mwingine. Ingawa Kiswahili na lugha nyingine zimepata nafasi katika tamasha hilo tangu wakati huo, mazoea ya kuogopa kuchekwa kwa matamshi hayajatutoka. Hata katika Kiswahili, mtoto wa Bonde la Ufa hufanywa aamini kwamba lugha ina wenyewe huko pwani, na kwamba yeye ameiazima tu.

Hapa kazi ya marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana nchini kote kama Mzee Ojwang', ina funzo. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Katika Vitimbi alimwigiza mzee wa Kijaluo, akisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, hata watazamaji wengi wakadhani hiyo ndiyo asili yake. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi, naye alifariki mwaka 2015. Twaweza kulaumu kwamba kichekesho cha lafudhi hukaribia dharau, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, lafudhi ambayo darasani ingalimletea mtoto aibu, kwake ilikuwa ngao. Alijisitiri ndani ya usemi wa mtu mwingine, na humo akapata uhuru. Basi usemi wa watu wa kawaida waweza kumtia mwigizaji nguvu, mradi asitakiwe kuuonea haya.

Chanzo cha pili ni macho ya jamii. Mzazi wa Subukia aliyeuza mahindi ili alipe karo hapendi kusikia kwamba mwanawe ataka kuwa mwigizaji. Tusimdharau mzazi huyo. Anajua hesabu. Vijana wengi wa fani hii nchini Kenya huishi kwa kuzunguka shuleni wakiigiza vitabu teule vya mitihani, na mapato yao hutegemea kiingilio cha wanafunzi na muhula wenyewe. Shuleni zikifungwa, mapato hukatika. Tena hadhira yao ni ngumu, kwa maana watazamaji wamekisoma kitabu, na neno moja likirukwa, ukumbi mzima unajua. Msichana huwa na mzigo zaidi, kwani wapo wanaosema kwamba anayejionyesha mbele za watu amekwisha kujiuza. Shaka anayokuwa nayo mwigizaji kama huyo si ugonjwa wa fikira. Ni maoni ya nyumbani kwao yanayosema ndani ya kichwa chake.

Chanzo cha tatu ni mwenye mamlaka. Nitakieleza baada ya kutazama mahali ambapo vyanzo viwili vya kwanza vilishindwa.

V. Kamĩrĩĩthũ: mazoezi ya wazi

Mwaka 1977, katika kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo baadaye ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Wengi wao hawakuwa wamepata kusimama jukwaani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi wa Mei 2025, ameeleza katika maandishi yake ya mwaka 1986 jinsi kazi ilivyofanyika. Mazoezi yalifanywa mchana wa Jumamosi na Jumapili, mahali pa wazi. Aliyetaka kutazama alitazama, na aliyeona kosa alilisema. Wazee walirekebisha lugha, wakaeleza jinsi mtu wa umri fulani anavyomsemesha mwingine. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi usio na paa uliotosha watu zaidi ya elfu mbili.

Kwa mujibu wa hoja yetu, jambo kubwa hapa ni kwamba siri iliondolewa. Katika mazoezi ya kawaida mwigizaji hufichwa kwa wiki nyingi, kisha pazia hufunguliwa na hukumu hutolewa kwa usiku mmoja. Mpango kama huo hauwezi kuzaa ila woga. Huko Kamĩrĩĩthũ hapakuwa na usiku wa hukumu, kwa sababu hadhira ilikuwa imekwisha kuona makosa yote na imesaidia kuyasahihisha. Mwigizaji hakusimama mbele ya mahakimu. Alisimama mbele ya watu waliokuwa na hisa katika kazi yake. Lugha ilikuwa yao, na hadithi ilikuwa yao. Mlinzi wa Subukia, bila kupata kusikia habari hizo, alitenda jambo lile lile aliposema, "Rudia, sikusikia."

Lakini Kamĩrĩĩthũ yatuonyesha pia mpaka wa dawa hiyo. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977, na mwezi uliofuata kibali kiliondolewa. Ngũgĩ alikamatwa tarehe 31 Desemba, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa mahakamani. Mwaka 1982 ukumbi ule ulibomolewa. Watu waliokuwa wameushinda woga wa lugha na woga wa macho walikutana na woga wa tatu, ambao hauondolewi kwa mazoezi peke yake.

VI. Nakuru, Aprili 2025

Woga huo wa tatu ulirudi mbele ya macho yetu mjini Nakuru, si mbali na Subukia, katika tamasha la kitaifa la mwaka 2025. Wasichana wa Butere walikuwa na tamthilia iitwayo Echoes of War, iliyotungwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Ilikuwa imezuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru iruhusiwe. Mtunzi alikamatwa kabla ya onyesho. Watu waliotaka kuona walitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili wasichana waliingizwa ukumbini. Hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka.

Wengi wamelijadili tukio hili kwa upande wa sheria na siasa. Mhakiki wa tamthilia ana swali lake pia: je, wale wasichana walishindwa na woga? Naona sivyo. Walielewa jambo ambalo wakubwa walikuwa wamelisahau, kwamba maigizo hayapo pasipo hadhira. Kuwataka waigize bila watu wao ilikuwa kuwataka wakariri mbele ya ukuta. Walikataa, tena walikataa kwa pamoja, na kukataa kwao kukawa onyesho lenye mwanzo na mwisho.

Hata hivyo sitaki tuwasifu mno hata tukasahau kwamba walikuwa watoto wa shule. Mtoto hapaswi kuhitaji ushujaa wa aina hiyo ili aigize. Methali yatuambia kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ni aibu kwa watu wazima inapokuwa kilio hicho ni cha gesi.

Muhula wa pili wa mwaka huo nilirudi Subukia. Habari za Nakuru zilikuwa zimefika kabla yangu. Kijana wetu wa Kinjeketile alimwuliza mwalimu mbele ya wenzake, "Mwalimu, nasi tunaweza kufanyiwa hivyo?" Ningependa kuandika kwamba mwalimu alimtoa hofu. Hakumtoa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Ila hutasimama peke yako." Kijana akafikiri, halafu akaenda kusukuma madawati ukutani.

VII. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba woga wa mwigizaji si jambo la pembeni katika uhakiki wa tamthilia. Mambo matatu yafuata kutokana na hoja hii.

Kwanza, walimu wa maigizo waache kumtibu mwanafunzi kwa mawaidha. Wafungue mazoezi yao mapema, wawaite wapishi, walinzi na wazazi, na wawape haki ya kuuliza na kusahihisha. Mzazi aliyeketi katika duara hilo jioni tatu hatasema kwa urahisi kwamba mwanawe anapoteza wakati.

Pili, waamuzi wa matamasha wakumbuke kwamba alama ni sehemu ndogo ya kazi yao. Mwamuzi ambaye maneno yake humfanya mtoto aone haya kwa ulimi wake mwenyewe amepunguza idadi ya waigizaji wa kesho.

Tatu, na hili latuhusu sisi tuandikao katika kurasa kama hizi, tuisome tamthilia pia kutoka jukwaani. Tujiulize, katika kila ukurasa, ni nani aliyesimama peke yake, anaogopa nini, na mwenzake yuko wapi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba Kinjeketile ni tamthilia juu ya neno. Sikupata kufikiri juu ya koo linalolitoa neno hilo mpaka nilipomwona kijana mmoja wa Subukia akiiacha mikono yake itetemeke, na wapishi wakimsikiliza kwa utulivu hadi mwisho.